Sikio Lililokuwa la Kampuni

Marsela Kavishe hana simile. Ukimpelekea simu iliyokufa hakuulizi habari za nyumbani. Anakunyang'anya, anainusa, halafu ndipo anakusalimu. Eti simu iliyoungua ina harufu yake, iliyoingia maji ina harufu yake, na iliyorushwa ukutani kwa ajili ya mapenzi nayo ina harufu yake. Hiyo ya tatu watu humbishia, lakini wenye simu zenyewe huwa wanatazama chini.

Kibanda chake kiko nyuma ya soko la Karatu, kati ya muuza vitunguu na fundi wa viti vya magari ya watalii. Alitoka Rombo akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, akaja kufua mashuka hotelini. Hotelini hakumaliza wiki. Siku ya tatu redio ya jikoni ilinyamaza, yeye akaifungua kwa kisu cha kupakia siagi, ikaanza kuimba. Meneja, badala ya kusema asante, akamwuliza nani kamruhusu. Marsela akamjibu, "Kama kuna binadamu aliyeifunga, mimi pia ni binadamu." Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo, miaka kumi na saba sasa, anakula kwa bisibisi.

Na amefungua vitu, jamani! Darubini za waongoza watalii, redio za magari zilizoshiba vumbi la Olbalbal, king'amuzi ambacho mjusi alitagia mayai ndani. Kuna simu ya tochi iliyomezwa na mbuzi kule Kakesio, ikakutwa tumboni siku ya kuchinja ikiwa bado ina chaji. Aliifuta, akaiwasha, akamrudishia mwenyewe, na mwenyewe akalalamika kwamba sauti imeshuka. Neno "siwezi" halimtoki Marsela mdomoni hata umkabe, na hiyo ndiyo sababu ya mambo yote haya.

Jumanne moja alikuja Mzee Ngoyai kutoka Endulen, na binti yake Resiato. Mzee ni mrefu, shuka jekundu, makubazi ya tairi, ndewe za masikio zimetobolewa na kuning'inia kama za wazee wote wa rika lake. Ndani ya sikio la kulia alikuwa na kijidude cha rangi ya maziwa, kidogo kuliko punje ya harage. Ilikuwa mashine ya kumsaidia kusikia. Aliipata kwa mzungu mmoja mzee, kiziwi mwenzake. Walikaa pamoja Endulen siku nzima, hakuna aliyemsikia mwenzake, wakapendana sana. Mzungu aliporudi kwao akamtumia mashine kama yake.

"Imekufa," akasema Resiato. "Tangu juzi hasikii kitu. Na Jumamosi ndiyo harusi yangu."

Marsela akainusa mashine. "Mafuta ya kondoo na vumbi," akasema. "Shikamoo, mzee."

Mzee hakusikia. Resiato ndiye aliyeeleza yote, na alieleza haraka kama mtu anayeogopa kulia mbele ya watu. Anaolewa na Nelson, mwalimu wa shule ya msingi Kakesio, kijana waliyependana naye wenyewe. Hilo halina taabu. Taabu ni baraka. Kwa Wamaasai, baba anapombariki binti anatamka neno moja moja, na watu wote wanaitikia kwa pamoja, "Nai!" Anatamka jingine, "Nai!" Mwaka juzi, kabla hajapata mashine, mzee alibariki harusi ya mpwa wake bila kuwasikia waitikiaji. Akawa anatamka juu ya majibu yao, baraka zikagongana zenyewe kwa zenyewe, wazee wakatoa uamuzi kwamba zimeharibika. Ikabidi mdogo wake, Parmuat, azirudie kuanzia mwanzo. Safari hii wamekwisha kumwambia mapema. Kama hasikii, Jumamosi atakaa pembeni, Parmuat atambariki Resiato.

Mzee aliona midomo ya binti yake imeacha kutikisika, akajua zamu yake imefika. Akasema kwa sauti kubwa, soko zima likasikia, "Huyu ndiye wa mwisho! Wengine wote nimewabariki mimi. Huyu nataka nimbariki mimi!"

Basi moyo wa Marsela ukamlainika pale pale, naye si mtu wa kulainika. Akamshika mzee mkono, akamtazama usoni ili aone midomo yake. "Jumamosi utasikia, baba. Nimesema."

Wenyewe walikuwa wameanzia kwa Hilary, kule barabara ya lami, kwenye duka la vioo lenye kiyoyozi. Hilary ndiye wakala aliyeidhinishwa wa kampuni inayotengeneza mashine hizo. Ni kijana mpole wa Moshi, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya moja na Marsela. Aliwaambia mashine itapelekwa ng'ambo, irudi baada ya miezi minne, na mtu yeyote asithubutu kuifungua.

Marsela aliifungua kwa dakika sita. Betri ilikuwa imevimba. Akasafisha mafuta kwa spiriti na mswaki wa mtoto, akachomoa betri kwenye spika ya masikioni iliyokufa, akalehemu, akafunga. Mzee akaivaa. Mara uso wote ukamfunguka. Alisikia muuza vitunguu akimtukana mteja, akacheka hadi akaonyesha magego.

Kisha akakunja uso. Akageuka nyuma, akasema kwa adabu, "Takwenya." Ndiyo salamu ya kumsalimu mwanamke kwa Kimaasai, na mwanamke anatakiwa ajibu "Iko." Nyuma yake palikuwa na gunia la vitunguu, basi.

"Hajibu," akasema mzee.

"Nani, Baba?" akauliza Resiato.

"Huyu mwanamke. Anaongea Kiswahili cha redioni, nimemsalimu, hajibu."

Marsela akaichomoa mashine, akaitia sikioni mwake mwenyewe. Mwanzoni alisikia soko tu. Kisha, baada ya dakika moja hivi, dunia nzima ikazimika, hata vitunguu vikawa havinadiwi, na mwanamke mmoja mwenye sauti ya kuvaa miwani akasema, "Kifaa hiki kimefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa. Tafadhali kirudishe kwa wakala." Dunia ikawaka tena. Dakika moja, ikazimika, mwanamke akarudi na yale yale.

"Mshenzi we!" akasema Marsela.

Alihangaika naye hadi jua likashuka. Aligundua mambo mawili. La kwanza, yule mwanamke hakai kwenye kitu kinacholehemiwa, amewekwa na kampuni kwenye akili ya mashine. La pili, mashine imeunganishwa na simu ya Resiato, na kila asubuhi simu inaiuliza kampuni kama mashine hii bado ni yao. Kampuni ikijibu "ndiyo, ni yetu, na imeguswa," mwanamke anaendelea. Sasa fikiria baraka za harusi, watu mia tatu wanaitikia, na kila dakika sikio la mzee linafungwa ili asomewe kanuni.

Jumatano asubuhi wakaenda wote watatu kwa Hilary. Marsela hakubisha hodi.

"Mtoe huyu mwanamke wenu kwenye sikio la mzee!"

"Dada Marsela, nilisema isifunguliwe," Hilary akajitetea. "Mimi sina uwezo. Ni mfumo."

"Mfumo ndiye nani? Mimi nikinunua sufuria, ikitoboka, niende kumwomba ruhusa aliyeifua? Mashine ni ya mzee au si ya mzee?"

Hilary, masikini, akafungua simu yake akasoma masharti, maana ni mtu wa kweli na hajui kusema uongo hata pale unapofaa. Akasoma kwamba mtumiaji amepata mashine, lakini akili iliyomo ndani ni mali ya kampuni. Kwamba mashine inabaki chini ya mamlaka ya kampuni hata ikiwa mwilini mwa mtumiaji. Kwamba nembo ya kampuni iliyochorwa juu yake isifutwe, isifichwe wala isikatwe.

Resiato alikuwa anamtafsiria baba yake, akisubiri mwanamke wa sikioni amalize ndipo aendelee. Mzee Ngoyai akamsikiliza hadi mwisho. Akavua mashine, akaishika kwenye mwanga wa mlango, akaitazama ile nembo.

"Hii ni alama yao?" akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu," akasema Hilary.

"Na haifutwi."

"Haifutwi."

"Na inakaa sikioni."

"Ndiyo."

Mzee aliirudisha mashine sikioni, akaaga, akatoka, akapanda Landrova ya kurudi Endulen. Marsela alibaki barabarani anatweta, anaona neno lake alilolitoa mbele ya soko zima linamfia mkononi. Hakula siku hiyo. Alimwambia muuza vitunguu kwamba angekuwa na uwezo angemtia yule mwanamke kwenye mafuta ya moto.

Alhamisi saa tatu asubuhi Hilary akampigia simu. Sauti yake ya kwaya ilikuwa imepanda juu. "Dada Marsela, njoo. Njoo haraka. Mzee wako yuko hapa, na wenzake sita. Anadai chumvi."

Marsela alikuta duka limejaa. Wazee sita wa Endulen wamekaa sakafuni chini ya kiyoyozi, mashuka wamejifunika hadi shingoni kwa baridi, fimbo zimeegemezwa kwenye kabati la vioo. Katikati amesimama Mzee Ngoyai, ametulia kabisa. Resiato yuko mlangoni, uso kaufunika kwa kanga, mabega yanamtikisika, haijulikani kama ni kilio au ni kicheko. Msemaji wao alikuwa mzee mmoja mfupi anayeitwa Kaika.

"Sisi hatukuja kwa ugomvi," Kaika akamweleza Marsela kwa Kiswahili cha taratibu. "Kwetu ng'ombe anatiwa alama sikioni. Ukimkuta porini unatazama sikio, unajua ni wa nani. Huyu ndugu yetu tumemtazama sikio. Ana alama ya hawa. Wenyewe wamesema haifutwi. Basi ni wao. Tumemleta kwa mwenyewe."

"Ni kweli, baba?" Marsela akamgeukia Ngoyai.

"Nimekaa nao mwaka mzima bila kujua," mzee akajibu kwa masikitiko. "Na hawajaninywesha hata siku moja."

Kaika akaendelea na makabidhiano, maana ng'ombe hakabidhiwi hivi hivi, lazima mashahidi wataje hali yake. "Meno kumi na tisa. Goti la kushoto linamsumbua wakati wa baridi. Kifua kizima. Hapigi teke, ila ukimwamsha ghafla husema maneno mabaya. Tunataka mtuonyeshe malisho yake, na maji, na chumvi, na josho kila mwezi."

Hilary alikuwa amewapa soda. Wazee wakateta kwa dakika kadhaa kama soda inahesabika kuwa ni kunyweshwa. Wakakubaliana kwamba haihesabiki.

Basi Hilary akampigia Lilian, ofisi kuu ya kampuni, Dar es Salaam, akaweka simu kwenye spika ili asije akasingiziwa.

"Nina mteja hapa hataki kuondoka," akasema.

"Anataka nini?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya ng'ombe. Magadi."

"Hilary, umekula leo?"

Akamweleza. Alama, sikio, malisho, josho. Lilian akasema kwa ukali kwamba kampuni hairuhusu mifugo ndani ya duka. Hilary akasema ndiyo hiyo shida, mfugo mwenyewe ni mteja. Lilian akauliza namba ya mashine. Wakati Hilary anaitafuta, Kaika akainama juu ya simu, akasema kwa heshima zote, "Mama, shikamoo. Bado kuna ndama."

"Ndama?"

"Aliyezaliwa na mwenye alama yako ni wako pia. Sasa huyu ana binti, na binti anaolewa Jumamosi. Baba mwenye mali ni kampuni. Kwa hiyo kampuni itakuja Endulen kumbariki. Mje na shuka, na mtu anayejua maneno. Kampuni ndiyo itasimama mbele. Na mume akimpiga, binti atarudi nyumbani kwa baba yake, ndiyo hapo kwenu, mumpokee na watoto wake. Na huyu mzee akifa, mazishi ni yenu."

Parmuat, yule mdogo wake, alikuwa miongoni mwa wale sita. Akaitikia kwa sauti nzito kwamba yeye amejiondoa, hawezi kubariki binti wa kampuni, asije akaonekana mwizi.

Mzee Ngoyai akainua kidole. Akasubiri yule mwanamke wa sikioni amalize, kisha akasema, "Na mwambieni huyo dada yao wa ndani ajifunze kujibu salamu."

Lilian akasema anaomba dakika tano. Zikawa arobaini. Wazee wawili walisinzia. Mtalii mmoja aliingia kununua chaja, akatoka kinyumenyume. Marsela alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, hajui acheke au aombe Mungu, maana leo Alhamisi, kesho Ijumaa, na Jumamosi haimngoji mtu.

Simu ikalia. Lilian sasa alikuwa anasoma karatasi, na nyuma yake alisikika mwanamume anamsahihisha. Alisoma kwamba, baada ya ushauri wa mwanasheria, kampuni haina umiliki wowote juu ya mteja, uzao wake, wala sikio lake, pamoja na kitu chochote kilichomo ndani ya sikio hilo, kuanzia sasa.

"Aseme mara mbili," akasema Kaika. "Na huyu wa hapa anywe maziwa kuthibitisha."

Lilian akasoma mara ya pili. Hilary akapewa kibuyu cha maziwa walichokuja nacho wazee, akanywa mbele ya mashahidi, akatamka kwamba huyu si wao, wala hajawahi kuwa wao.

"Na ninamfuta kwenye mfumo," Lilian akamalizia, sasa kwa sauti ya mtu anayetoa adhabu. "Ajue hivyo. Mashine yake haitatambuliwa tena. Asubuhi simu ikiuliza, itajibiwa hatuijui. Hatapata msaada wetu wa aina yoyote."

Marsela akauma midomo. Hatuijui! Kama hawaijui, hawana la kuisemea. Hakuthubutu kumtazama Hilary. Alitazama kiyoyozi.

Ijumaa asubuhi Resiato akapiga simu kutoka Endulen. Dakika tano zilikuwa zimepita, kumi, nusu saa. Mwanamke hakurudi. "Baba anasema ameondoka bila hata kuaga," akasema, "lakini hakumtarajia kuaga." Marsela aliweka simu chini, akakaa juu ya gunia la vitunguu, akalia kwa furaha kama mtoto, na muuza vitunguu aliyemwuliza kulikoni alitukanwa.

Jumamosi alikuwepo Endulen, kavaa kitenge cha Pasaka, amesimama na wanawake. Mzee Ngoyai alisimama mbele na fimbo yake, kibuyu cha maziwa mkononi. Marsela alimsogelea kabla hajaanza, akashindwa kujizuia. "Mzee, niambie kweli. Kule dukani, mlikuwa mnawatania?"

Mzee akamtazama kwa mshangao. "Ningekuwa wao, nani angembariki mwanangu?" Akaenda zake mbele.

Akaanza. Mungu akupe watoto. "Nai!" Mungu akupe ng'ombe. "Nai!" Akatulia katikati. "Nyuma kule," akasema, "kuna vijana wawili wanaongea habari za mpira." Watu wakageuka. Akaanza upya. Akasimama tena, akamtaja kwa jina mzee aliyemnong'oneza mwenzake kwamba baraka ni ndefu mno na nyama inapoa. Akaanza upya. Mara ya tatu watu mia tatu waliitikia kama kikosi cha jeshi, hakuna aliyekohoa, na mzee akabariki hadi akaridhika, kila neno likapata jibu lake. Parmuat mwenyewe alitikisa kichwa akisema haijapata kuwa hivi.

Ukafika wakati wa kuondoka. Bibi harusi wa Kimaasai akishatoka nyumbani kwao haangalii nyuma, na Resiato hakuangalia. Alianza kutembea pole pole na mshenga wake kwenda barabarani, ng'ambo ya migunga, kwenye gari la Nelson. Hakupaza sauti, bibi harusi hapigi kelele. Alisema tu mbele yake, kama anaongea na njia, na Marsela, ambaye Kimaasai cha sokoni kinamtosha, akamsikia.

"Baba, unanisikia?"

"Nasikia," akasema mzee.

Akaenda hatua kumi. "Na sasa?"

"Nasikia."

Akaenda tena. Marsela alisikia sauti bila maneno. Mzee akajibu, "Nasikia."

Marsela ndiye aliyeifungua mashine ile na kuifunga, na alijua uwezo wake. Hatua ishirini, ishirini na tano kama hakuna upepo, na upepo ulikuwepo. Resiato alikwisha fika kwenye migunga. Alisimama kidogo, mgongo ukiwa kwao, shingo imeinama kama mtu aliyeuliza kitu na anangoja. Hapakusikika chochote, si kwa Marsela, si kwa wanawake waliomzunguka, ambao wote masikio yao ni mazima.

Mzee Ngoyai alikuwa anatokwa na machozi wala hakuyafuta.

"Nasikia," akasema.

Kule mbali binti akaanza kutembea tena, akasimama, na mzee akajibu, "Nasikia."